Ukuta Uliowatenga Kobe na Kasa

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mnayo?

Tunayo!

Na mioyo je?

Tumekuja nayo!

Basi sogeeni karibu. Na wewe uliye mlangoni ingia, usikae mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Leo nawapa habari ya ndugu wawili wa tumbo moja, na ukuta uliowatenga.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wakati wanyama na watu walikuwa wakikutana njiani wakiulizana hali, palikuwa na nchi iliyoitwa Mtondooni. Upande mmoja wa nchi hiyo palikuwa na vilima. Upande wa pili palikuwa na bahari. Kati ya vilima na bahari palikuwa na vichaka, na mbele ya vichaka palikuwa na ufuo mrefu wa mchanga mweupe.

Vilima vilikuwa na wenyewe. Mashamba yalikuwa na wenyewe. Lakini mchanga ule haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa wote. Mwenye kutaka kuoga alioga. Mwenye kutaka kuokota chaza aliokota. Mwenye huzuni alikwenda akakaa, akatazama maji, akarudi nyumbani.

Basi, katika mchanga ule mama mmoja alitaga mayai mawili. Yai la kwanza likapasuka, akatoka Kasa. Yai la pili likapasuka, akatoka Kobe. Kasa alipofumbua macho aliona maji, akataka kuyaendea. Kobe alipofumbua macho aliona majani, akataka kuyaendea. Lakini kabla hawajaachana, waligeuka wakatazamana.

Kasa, aliyekuwa mkubwa, akasema: "Mdogo wangu, mimi siwezi kuishi kwako, na wewe huwezi kuishi kwangu. Lakini hapa katikati tunaweza kukaa sote wawili. Kila mwaka, mtama ukishavunwa, tukutane hapa."

"Nitakuja, dada," akasema Kobe. "Si mwepesi wa kutembea, lakini nitakuja."

Na kweli alikuja. Kila mwaka, mtama ukianza kukauka mashambani, Kobe alitia mabungo mabivu, matunda ya porini, katika kikapu kidogo cha ukindu, akakivuta nyuma yake, akashika njia ya kwenda ufuoni. Ilikuwa njia iliyonyooka, imekanyagwa na miguu ya kila namna. Alitembea huku akiimba:

*Dada Kasa, niko njiani,*
*mguu mzito, moyo mwepesi,*
*usiondoke, niko njiani.*

Nanyi mkisikia "Dada Kasa", mniitikie. Dada Kasa!

Niko njiani!

Hivyo hivyo. Alikuwa akifika asubuhi, umande haujakauka, akamkuta Kasa ametoka majini, mgongo unang'aa. Kasa alitaga mayai yake, akayafukia, kisha wakakaa bega kwa bega. Kobe akafungua mabungo. Kasa akafungua habari.

"Nimemwona nyangumi na mwanawe," Kasa alisema. "Nimepita mahali maji yana joto kama uji."

"Huko chini kuna giza, dada?"

"Kuna giza. Lakini ukilizoea, lina rangi zake. Nawe niambie, mvua ya kwanza ikianguka juu ya vumbi, bado inanukia vile?"

"Bado inanukia."

"Kwangu mvua hainukii," Kasa alisema. "Inaanguka tu, inapotea. Nikiwa mbali sana huko, harufu hiyo ndiyo ninayoitamani."

Jua likipanda, Kasa alirudi majini. Kobe alibaki pale pale, akitazama kichwa cha dada yake kikizama na kuibuka, kikizama na kuibuka, mpaka kisiibuke tena. Ndipo alipogeuka kurudi kwake. Na safari ya kurudi, jamani, alikuwa haimbi.

Mfalme wa Mtondooni alikuwa Tembo. Tembo hakuwa mbaya. Lakini alikuwa mzito, na kilima chake kilikuwa na upepo mzuri, na miaka ikapita mingi hajateremka. Mambo ya nchi alimwachia mshauri wake, Nguchiro. Na Nguchiro mnamjua. Mwembamba, mwepesi, anaingia kwenye tundu ambalo wewe hata hukuliona.

Siku moja Chui, aliyekuwa akiishi kwenye majabali ya juu kabisa, alimwendea Nguchiro. Akamwambia: "Nimechoka na mawe. Nataka nyumba mbele ya bahari."

Nguchiro akacheka kidogo. Akaitisha baraza kilimani kwa mfalme.

"Wazee wangu, wenzangu," akasema. "Chui anaomba pahali padogo, kule mwisho wa ufuo, ajenge nyumba. Ufuo ni mrefu. Hatuuzi kitu. Hatumnyang'anyi mtu. Tunabadili matumizi tu."

Ngiri akauliza: "Kubadili matumizi ndiyo nini?"

"Ni jina tu, bwana. Leo paitwa mchanga, kesho paitwa kiwanja. Na mchanga wenyewe uko palepale."

Wanyama wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa neno jepesi, nani angeligombania?

Tembo akauliza: "Yuko mwenye neno?"

Kobe alikuwapo. Alifungua kinywa. Lakini akafikiri: kule mwisho ni mbali na njia yangu, nitaitwa mgomvi bure. Akafunga kinywa.

"Hakuna mwenye neno," akasema Nguchiro. Likapita.

Mwaka ule Kobe alifika ufuoni kama kawaida, na dada yake alikuwapo kama kawaida. Nyumba ya Chui ilionekana kwa mbali, ndogo, nyeupe. Kasa aliitazama akasema: "Kile nini?"

"Nyumba ya Chui."

"Mbona iko juu ya mchanga?"

"Amebadilishiwa matumizi," Kobe akasema. Kasa hakuelewa. Hata Kobe mwenyewe hakuelewa. Wakala mabungo.

Mwaka wa pili, Nyani aliiona nyumba ya Chui, akataka yake. Ngiri akataka yake. Fisi naye akataka yake, ijapokuwa hata kuoga hajui. Nguchiro akaitisha baraza jingine, akaliitisha siku ambayo kila mtu yuko shambani. Waliofika ni wale waliotaka nyumba.

"Hatuuzi, hatunyang'anyi," akasema. "Tunabadili matumizi tu. Njia ya watu itasogezwa kidogo izunguke viwanja. Wenye miguu watapita."

Yuko mwenye neno? Hakuna mwenye neno. Likapita.

Kobe hakujua. Mtama ulipokauka alichukua kikapu chake, akashika njia.

*Dada Kasa, niko njiani,*
*mguu mzito, moyo mwepesi,*
*usiondoke, niko njiani.*

Dada Kasa!

Niko njiani!

Alipofika karibu na vichaka vya mwisho, akakuta njia imepigwa miti ya kuzuia. Njia mpya ilikwenda kushoto, ikazunguka kiwanja cha Nyani, ikazunguka kiwanja cha Ngiri, ikazunguka kiwanja cha Fisi, ikapita kwenye miiba na changarawe. Kwa Swala haikuwa kitu, anaruka mara mbili amefika. Kwa Kobe ilikuwa safari juu ya safari.

Alipofika, jua lilikuwa limeshapanda. Kasa alikuwa amekwisha kufukia mayai, ameelekea majini, na maji yameshamgusa kifua.

"Dada!"

Kasa akageuka. "Mbona umechelewa hivi? Nilikaa nikafikiri hata huji."

"Njia imepindishwa."

"Nani kaipindisha?"

"Baraza."

"Na wewe hukusema kitu?"

Kobe akatazama mchanga. "Safari hii sikuitwa. Safari ya kwanza nilikuwapo. Nikanyamaza."

Kasa hakumlaumu. Afadhali angemlaumu. Alimtazama tu kwa yale macho yake ya majimaji, akasema: "Jua linaniunguza, mdogo wangu, siwezi kukaa. Mwakani toka mapema."

Akaenda. Mabungo yakabaki kikapuni, hayakufunguliwa.

Mwaka wa tatu, Nguchiro aliwaambia wenye nyumba: "Watu wanapita mbele ya baraza zenu. Wanawatazama mkila. Si heshima." Wenye nyumba wakaona kweli si heshima. Safari hii hata baraza halikuitishwa. Yakachimbwa matumbawe, ikachomwa chokaa, ukajengwa ukuta kuanzia majabali ya upande huu mpaka mikoko ya upande ule. Mbele ya nyumba, pale palipokuwa na mchanga laini, pakatandazwa mawe bapa ili wenye nyumba wasichafue miguu. Katikati ya ukuta wakatia lango moja, na langoni wakamweka Mbwa.

Kobe alitoka mapema, kama alivyoambiwa na dada yake. Alitoka mtama ungali na maziwa. Alitembea, akapumzika, akatembea. Akapiga hesabu ya miiba na changarawe, akaona atafika na muda utabaki. Moyo wake ulikuwa mweupe.

*Dada Kasa, niko njiani,*
*mguu mzito, moyo mwepesi…*

Kichwa chake kikagonga ukuta.

Alirudi nyuma. Akafikiri amepotea. Akatazama kulia, ukuta. Akatazama kushoto, ukuta. Lakini sauti ya mawimbi ilikuwa palepale, nyuma ya mawe, karibu kiasi cha kuigusa. Akaufuata ukuta mpaka akafika langoni.

"Hodi."

"Nani?" akauliza Mbwa.

"Kobe. Napita kwenda ufuoni."

"Una mwaliko?"

"Mwaliko wa nini? Naenda kumwona dada yangu."

"Dada yako ana nyumba humu?"

"Hana nyumba. Anakuja mchangani."

"Kama hana nyumba, basi hayumo. Humu wamo wenye nyumba tu." Mbwa akainamisha masikio. Hakuwa mtu mkali. "Samahani, bibi. Mimi nimewekwa tu hapa."

Kobe akakaa chini. Karibu na lango, kwenye kivuli cha ukuta, walikuwa wamekaa wanawake na vikapu vitupu. Mmoja wao alikuwa Bi Mwanamize, aliyekuwa akiokota chaza katika ufuo ule tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Na wewe umefungiwa, Kobe?" akauliza.

"Na mimi nimefungiwa. Nyinyi mnapita wapi?"

"Tulikuwa tukizunguka kule kwenye majabali. Juzi maji yakajaa tungali huko, mwenzetu mmoja akachukuliwa na wimbi. Tulimkamata nywele, ndiyo salama yake. Tangu siku hiyo tunakuja tunakaa hapa tu. Nyumbani watoto wanakula ugali mkavu. Nami nikikaa nyumbani siwezi. Angalau hapa naisikia bahari."

Wakaisikiliza pamoja.

Kisha Kobe akasema: "Mwanamize, dada yangu yuko nyuma ya mawe haya. Najua yuko. Nipandishe."

Bi Mwanamize akasokota kanga yake akafanya ngata, akamwinua Kobe, akamweka kichwani. Akasimama kwa ncha za vidole. Kobe akanyoosha shingo, akanyoosha tena, mpaka jicho lake likavuka ukuta.

Akamwona.

Kasa alikuwa ametoka majini. Alikuwa akitambaa juu ya mawe bapa, mayai yamo tumboni, akitafuta mchanga. Akachimba hapa, jiwe. Akasogea, akachimba pale, jiwe. Akasogea, akachimba tena, jiwe. Kucha zake zilikuwa zikikwaruza, na Kobe alizisikia.

"Dada! Dada Kasa! Niko hapa!"

Lakini upepo ulikuwa ukitoka baharini. Uliichukua sauti ya Kobe ukairudisha vichakani. Kobe akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Wanawake wote wakasimama wakaita pamoja naye. Kasa hakusikia. Aliinua kichwa akatazama upande wa vichaka, pale njia ilipokuwa ikitokea zamani. Akatazama kwa muda mrefu. Jua likapanda, mgongo wake ukakauka, na bado akawa anatazama.

Ndipo akageuka. Akaingia majini na mayai yake tumboni. Kichwa kikazama, kikaibuka. Kikazama, kikaibuka. Kikazama.

"Unaona nini?" akauliza Bi Mwanamize kutoka chini.

"Nishushe," Kobe akasema.

Hakurudi nyumbani. Alishika njia ya kilimani kwa mfalme.

Alipofika mara ya kwanza, Nguchiro alikuwa kizingitini. "Mfalme amepumzika. Rudi siku nyingine." Kobe akateremka, akapanda tena.

Mara ya pili Nguchiro akamwambia: "Nimesikia shida yako, imenigusa. Tutakuchimbia kidimbwi kwako nyumbani, tutakitia maji ya chumvi. Utakuwa na bahari yako mwenyewe."

"Na dada yangu ataingiaje kwenye kidimbwi?"

"Ah," akasema Nguchiro. "Hilo hatukulitazama." Kobe akateremka, akapanda tena.

Mara ya tatu alipanda na Bi Mwanamize na wale wanawake na vikapu vyao vitupu. Nguchiro akatoka mbio. "Nimewapatia! Siku moja kwa mwaka lango litafunguliwa, mtaingia kwa mstari, mtatazama bahari, mtatoka. Mnataka nini zaidi?"

Walikaa chini mbele ya nyumba ya mfalme, wote, wakaweka vikapu mbele yao. Walikaa kimya kabisa. Na kimya cha watu wengi, wenzangu, huamsha kuliko kelele. Tembo akatoka mwenyewe.

"Kuna msiba?" akauliza.

Kobe akasema: "Mfalme, sikuja kushitaki. Nimekuja kukuuliza. Mara ya mwisho ulikanyaga maji ya bahari lini?"

Tembo akafikiri. Masikio yake yakaacha kupepea.

"Mama yangu alikuwa hai," akasema. "Nilikuwa sijaota pembe. Nilishika mkia wake kwa mkonga wangu, tukaingia pamoja. Wimbi likanipiga puani, nikalia, naye akacheka." Akashusha mkonga wake. "Nilikuwa nimesahau kicheko chake."

"Ufuo uko palepale, mfalme," akasema Kobe. "Twende ukaoge."

"Sasa hivi?"

Nguchiro akadakia: "Mfalme, si vizuri hivyo! Tuandae msafara, tuwaarifu wenye nyumba, mimi nitangulie kidogo…"

"Naenda kuoga," akasema Tembo, "siendi harusini. Na wewe Nguchiro usitangulie. Tembea nyuma yangu."

Basi wakateremka. Kobe mbele, Tembo nyuma ya Kobe, wanawake nyuma ya Tembo, na Nguchiro nyuma ya wote akila vumbi. Tembo alitembea kwa mwendo wa Kobe. Alivyotembea polepole aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona: njia iliyonyooka imeota majani, njia mpya imejaa miiba. Wakafika langoni.

"Hodi," akasema Tembo.

Mbwa akachungulia kwenye tundu la lango. Tundu lilikuwa dogo na mgeni alikuwa mkubwa. Akaona goti tu.

"Nani?"

"Tembo."

"Tembo gani?"

"Tembo mfalme."

Mbwa alizaliwa miaka mingi baada ya mfalme kuacha kuteremka. Hakumjua. "Wanaokuja hapa kila mmoja ana ukubwa wake," akasema. "Una mwaliko?"

"Sina."

"Una nyumba humu?"

Tembo akafungua kinywa kusema nchi hii yote ni yangu. Lakini akaona neno hilo halisemeki mbele ya wanawake wale na vikapu vyao. "Sina nyumba humu," akasema.

"Basi, humu wamo wenye nyumba tu. Samahani, mzee. Mimi nimewekwa tu hapa."

Tembo alisimama pale. Wimbi lilipiga upande wa pili wa ukuta, na harufu ya chumvi ikamfikia. Wale waliokuwa karibu wanasema walimwona akifumba macho. Kisha akauegemea ukuta. Hakuusukuma. Aliuegemea tu, kama mtu aliyechoka.

Ukuta ukaanguka.

Vumbi la chokaa likapanda, likashuka, na ng'ambo ya vumbi ilikuwako bahari, yote, vile vile.

Chui akatoka nyumbani kwake akinguruma. "Hii ni nini? Nilipewa kwa idhini ya baraza! Mfalme, ulikuwapo wewe mwenyewe, uliuliza yuko mwenye neno, hakuna aliyesema!"

"Ni kweli," akasema Tembo. "Nilikuwapo. Niliuliza nikiwa nimekaa juu, nikajibiwa na aliyekaa pembeni yangu. Kosa ni langu."

Chui akashusha sauti. "Na mimi si mwizi. Nimekulia kwenye mawe makavu. Nilikuwa nikiiona bahari kwa mbali kama uzi wa buluu, nikasema, siku moja nitaamka niione mbele ya mlango. Ni kosa kuipenda?"

Kobe akamjibu, na hakumjibu kwa hasira. "Si kosa, Chui. Na mimi naipenda. Na Mwanamize anaipenda. Wewe uliipenda ukaweka mlango."

Chui akatazama chini.

Tembo akatoa amri. Nyumba zilizoko juu ya mchanga ziondolewe, na wenye nyumba warudi nyuma ya vichaka, ambako watapewa mahali. Mawe bapa yang'olewe yote. Njia inyooshwe kama zamani. Na matumizi ya mchanga yasibadilishwe tena, si na baraza, si na mfalme, si na mfalme atakayekuja baada yake. Mbwa hakuadhibiwa, maana hakujiweka. Bali Nguchiro aliambiwa: "Wewe uliyefunga njia, utaifyeka wewe, na kila atakayepita utampisha." Tangu siku hiyo Nguchiro akiona njia hukatiza mbio, ameinamisha kichwa, hatazami kulia wala kushoto. Nanyi mmemwona.

Wanawake wakaingia majini na vikapu vyao. Tembo akaingia mpaka wimbi likampiga puani, na hakuna aliyeweza kujua yale maji usoni mwake yalikuwa ya bahari au ya nini.

Kobe hakuingia. Alikwenda mpaka mahali pale walipokuwa wakikaa, akang'oa jiwe la kwanza kwa kucha zake, akakaa juu ya mchanga, akangoja.

Mwaka ule Kasa hakurudi. Mwaka uliofuata Kasa hakuja.

Mwaka wa tatu akapita Shakwe, ndege wa baharini, akatua karibu naye. "Wewe ndiye Kobe?"

"Ndiye mimi."

"Nilimkuta dada yako mbali sana, kwenye kisiwa nisichokijua jina. Ametaga huko. Alinipa maneno. Alisema: mwambie mdogo wangu, kama yungali hai, nilikuja. Nilisubiri mpaka jua likaniunguza mgongo. Kisha nikafikiri amekufa."

Kobe akatazama maji. Akasema: "Rudi, tafadhali. Mwambie niko hai. Mwambie nilimwona, nilimwita, upepo ulikuwa mbaya. Mwambie njia imefunguliwa na mchanga ni laini."

Shakwe akaruka. Msimu ukapita, akarudi na mabawa yamechoka. "Hayuko tena pale kisiwani. Nimemuuliza Pomboo, nimemuuliza Papa, nimemuuliza Pweza. Hakuna anayejua. Bahari ni kubwa, bibi."

"Najua," akasema Kobe. "Ahsante kwa kwenda."

Ufuo wa Mtondooni ukajaa tena. Watoto wakachimba mashimo, wanawake wakarudi na vikapu vizito, Chui naye akawa anateremka asubuhi kama watu wote, anakaa pembeni, anatazama. Na kila mwaka mtama ukishavunwa, Kobe alikuwapo. Kitu kikiibuka majini, alisimama. Mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi kinaelea. Akakaa tena.

Bi Mwanamize alikuwa akimpitia na chaza zake kichwani. "Kobe, twende. Maji yanajaa."

"Tangulia, mama," Kobe alikuwa akisema. "Nakaa kidogo."

Basi, wenzangu, hadithi hii inatufundisha hivi. Kitu cha wote hakichukuliwi chote siku moja. Huchukuliwa kipande, na kila mtu hunyamaza kwa kuwa kipande kile si chake. Ukiona kipande cha kwanza kinaondoka, sema siku ileile, hata kama kiko mbali na njia yako. Maana ukuta unaweza kuangushwa. Lakini yule aliyekuja akaukuta ukuta, akangoja, akaondoka, huyo huna amri itakayomrudisha.

Hadithi yangu imefika mwisho wa njia, nami naitua hapa. Iliyempendeza aichukue, akawape wa nyumbani. Isiyempendeza aniachie, nitarudi nayo mwenyewe.